Maswali ya Wasomaji: Mzee Peke Yake Nyumbani, na Simu Mkononi

Barua za mwezi huu zimeelekea upande mmoja kuliko ilivyo kawaida. Wasomaji wa Nakuru, Kisumu na kaunti za magharibi wanauliza kuhusu wazazi waliobaki peke yao nyumbani, na kuhusu vifaa ambavyo watoto wao wamewanunulia, au wanakusudia kuwanunulia, ili kuwapunguzia upweke. Nimechagua barua nne, nikaondoa majina na kila kitu kinachoweza kumtambulisha aliyeandika. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu hali inayoelezwa humo ndiyo hali ya familia nyingi zinazotuandikia.

Swali: Sisi ni watoto wanne wa mama mjane mwenye umri wa miaka 76, anayeishi peke yake karibu na Mudete, Kaunti ya Vihiga. Mimi niko Kiamunyi, Nakuru. Wenzangu wako Nairobi, Mombasa na Qatar. Krismasi iliyopita tulichanga pesa tukamnunulia simu janja nzuri ili tuwe tukionana naye kwa video. Nilipokwenda nyumbani Pasaka niliikuta kabatini, imefungwa kwa kitambaa, haina chaji, naye bado anatumia kabambe, simu yake ndogo ya zamani ya vitufe. Tukimpigia anasema hajambo, kisha anakata. Jirani ananiambia kwamba siku nyingine hafungui mlango hadi saa sita mchana, na chama cha kina mama ameacha kwenda. Je, tumnunulie tableti yenye skrini kubwa? — *Binti, Nakuru*

Jibu: Dada, tableti iacheni kwanza. Katika barua yako yote, jambo lililonishtua zaidi ni hilo uliloliandika karibu na mwisho, kwamba mama ameacha kwenda chamani. Simu iliyofungwa kwa kitambaa inaweza kusubiri, lakini mwanamke aliyezoea kukaa na wenzake akaacha ghafla ana sababu, na sababu hiyo ndiyo inayopaswa kutafutwa kabla ya kununua kifaa chochote. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya Juni 2025, lilieleza kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anaishi na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo vipatavyo 871,000 kila mwaka. Kwa hiyo msilichukulie jambo hili kuwa ni uzee tu.

Anzeni na masikio. Shirika hilo hilo linakadiria kwamba zaidi ya asilimia 65 ya watu waliopita umri wa miaka 60 wamepoteza usikivu kwa kiasi fulani. Usikivu wa uzeeni hupotea kwa namna inayowadanganya wenye nyumba: sauti nyembamba ndizo zinazotoweka kwanza, zile za herufi kama *s*, *f* na *t*, huku irabu zikiendelea kusikika, hivyo mzee husikia kwamba mtu anazungumza lakini maneno yenyewe hayashiki. Katika kikao ambapo kina mama kumi wanazungumza kwa pamoja, mtu wa namna hiyo huchoka haraka, na baada ya kujibu visivyo mara mbili tatu huona aibu na kubaki nyumbani. Kwenye simu hali huwa mbaya zaidi kwa sababu midomo ya anayesema haionekani. Kusema "sijambo" na kukata ni njia nyepesi ya kuponyoka mazungumzo usiyoyasikia. Mpelekeni hospitali apimwe. Wakati mwingine ni nta tu iliyoganda sikioni, nayo huondolewa siku hiyo hiyo. Mkiwa huko huko Vihiga, mpitisheni pia katika Hospitali ya Macho ya Sabatia, kwa kuwa mtoto wa jicho huwapata wazee wengi na huondolewa kwa upasuaji. Na ikiwa kwa wiki kadhaa amekosa hamu ya chakula au usingizi, mwambieni daktari waziwazi, maana huenda ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na sonona ya wazee hutibika.

Sababu nyingine ya kuacha chama huwa rahisi kiasi kwamba watoto hawaiulizi. Huenda magoti yanauma na njia ina mlima, au mchango umempita miezi miwili na hataki kuonekana mdeni. Bei ya tableti ingelipa michango hiyo pamoja na boda boda ya kumpeleka na kumrudisha kwa muda mrefu sana. Nisingeona haya kuitumia hivyo.

Sasa tuje kwenye simu zenyewe. Niruhusu nikuulize: mnapompigia, mnazungumza nini? Katika nyumba nyingi mazungumzo ni haya: umekula, umemeza dawa, ng'ombe ametoa maziwa, haya mama tutaongea. Huko ni kuita majina kwenye rejista. Mwaka 2020, katika jimbo la Texas nchini Marekani, watafiti walichukua watu 240, wengi wao wakiwa wamefikisha miaka 65, waliokuwa wakiletewa chakula nyumbani na shirika la hisani, na nusu yao wakawa wanapigiwa simu za kawaida na vijana 16 wenye umri wa kati ya miaka 17 na 23. Vijana hao hawakuwa wataalamu wa afya. Walifunzwa kwa muda mfupi jinsi ya kusikiliza na kumwachia mwenye simu aongoze mazungumzo. Siku tano za kwanza walipiga kila siku, kisha kila mtu akachagua mwenyewe apigiwe siku ngapi kwa wiki, ila zisipungue mbili. Baada ya wiki nne, waliopigiwa walikuwa na upweke, huzuni na wasiwasi mdogo kuliko ambao hawakupigiwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2021. Kwa upande wa video, tathmini ya kitabibu iliyotolewa mwaka 2020 ilipata majaribio matatu tu madogo, yote ya makao ya wazee nchini Taiwan, na haikupata ushahidi wa kutosha wa kusema kwamba simu za video hupunguza upweke wa wazee. Mimi nalielewa hivi: kuonana uso kwa uso kwenye skrini ni jambo zuri, lakini kinachomponya mzee ni mtu anayempigia kwa saa aliyoichagua yeye, akiwa na nafasi ya kumsikiliza.

Gawaneni siku, ninyi wanne, na mwacheni mama aseme saa. Pengine hataki jioni, wakati kuku wanaingia na moto unawashwa. Kila mmoja wenu aje na jambo analolihitaji kweli kutoka kwake. Muulizeni ni mbegu gani ya maharagwe ya kuweka kabla ya mvua za Machi kushika, au mwulize wewe mwenyewe namna ya kuchuja ile chumvi ya kienyeji inayotokana na majivu ya maganda ya maharagwe, na ni kiasi gani kinachotosha kwa sufuria moja ya mrenda bila kuuharibu. Ukikosea, mpigie umwambie umekosea wapi. Mama aliyelea watoto wanne amezoea kuhitajiwa, na tangu mlipoondoka kila mtu humuuliza habari za afya yake peke yake, kana kwamba hana jingine la kutoa.

Kisha mwezesheni kupiga yeye. Tunawatumia wazazi pesa za unga na za dawa tukasahau salio la simu, hivyo mzee anabaki mtu wa kupigiwa, au wa kutuma ule ujumbe wa "tafadhali nipigie" na kungoja kama mwombaji. Wekeni salio kila wiki bila yeye kuomba. Katika kabambe nyingi mnaweza kuzihifadhi namba zenu kwenye vitufe vya 2, 3, 4 na 5, mfuate mpangilio wa kuzaliwa ili asisahau. Akibonyeza na kushikilia, simu inapiga yenyewe.

Simu janja nayo haijaharibika bure. Wazazi wetu hufunga kwa kitambaa kitu wanachokithamini wasichojua kukitumia, wakiogopa kukivunja. Vidole vilivyokomazwa na jembe huwa vikavu, na skrini mara nyingine haivisikii; mama atabonyeza kwa nguvu na kushikilia, picha zitaanza kuhama mahali au kufutika, naye ataamini ameiharibu. Kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya wenye mahitaji maalumu, ongezeni muda wa kushikilia, mkuze maandishi, kisha mwondoe kila kitu kwenye uso wa simu isipokuwa vitu vitatu vinne. Mfundisheni kwanza ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Ujumbe huo hauhitaji kusoma wala kuandika, unazungumzwa kwa Kimaragoli, haukatiki mtandao unapoyumba, na asiyesikia vizuri anaweza kuurudia mara tatu bila kumwomba mtu radhi. Video ije baadaye, naye akae akielekea dirisha, simu ikiwa imeegemezwa mahali palipolingana na uso, la sivyo mtakuwa mnaongea na paji lake na mabati.

Wala usimfundishe wewe katika siku mbili za likizo. Tafuteni kijana wa jirani, wa kidato cha pili au cha tatu, awe anakuja Jumamosi mchana, mmlipe bando. Atamfundisha kidogo, atanywa chai, ataombwa achote maji, na mama atakuwa na mtu wa kumngoja.

Swali: Baba yangu ana miaka 81 na anaishi peke yake nje ya Kimilili. Mwezi wa pili aliteleza jikoni akakaa chini karibu saa nzima kabla ya kupatikana. Nataka kuweka kamera tatu ndani ya nyumba ili niwe nikimwona kutoka Kisumu kupitia simu yangu. Dada zangu wanasema ni kumvunjia heshima. Nani ana haki? — *Mwana, Kisumu*

Jibu: Ndugu yangu, pole kwa yaliyompata mzee. Woga wako ni wa haki, na dada zako pia wanasema la haki, lakini mwenye neno la mwisho hujamtaja: yeye mwenyewe anasemaje? Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na ya kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa familia na Serikali, na Kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya faragha. Kutimiza miaka 81 hakumwondolei mtu haki hiyo katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Keti naye, umweleze kamera itaona nini na nani atakayeitazama, na akikataa, ukubali. Akiridhia, iwekwe sebuleni au mlangoni, ajue ilipo na jinsi ya kuizima. Chumba cha kulala na bafu visiguswe kabisa.

Jiulize pia kamera ingefanya nini siku ile. Ingekuonyesha baba yako sakafuni, ukiwa Kisumu. Aliyeweza kumwinua ni mtu aliye dakika tano kutoka pale, na mtu huyo ndiye unayepaswa kumtafuta na kumpa namba yako, salio na ufunguo wa akiba. Zipo simu ndogo za wazee zenye kitufe cha dharura mgongoni, ambacho kikibonyezwa hupigia namba kadhaa kwa zamu, na vipo vitufe vya kuvaa shingoni. Hakikisha mtandao unashika hadi jikoni kabla ya kulipa. Taa za sola zinazowaka zenyewe mtu anapopita usiku ni za bei nafuu, nazo huzuia kuanguka, jambo ambalo kamera haiwezi. Mwombe pia mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu apite ampime shinikizo la damu. Serikali ilizindua zaidi ya wahudumu 100,000 mwaka 2023, na vifaa walivyopewa vina mashine ya kupimia shinikizo. Wazee wengi huanguka kwa sababu ya kizunguzungu kinachoweza kutokana na dawa wanazotumia.

Neno moja zaidi, kwa kuwa tunazungumzia upweke. Kamera ina hatari ya kumpunguzia baba simu zako. Ukifungua programu saa mbili asubuhi ukamwona ameketi, moyo wako utatulia na hutapiga. Yeye huku hajui kwamba umemwona, anajua tu kwamba hukupiga. Ukiiweka, basi kila unapomtazama, mpigie.

Swali: Nasoma chuo kikuu Njoro na nimevutiwa na roboti za kuwaliwaza wazee. Je, zinaweza kuwafaa wazee wa huku kwetu? — *Mwanafunzi, Njoro*

Jibu: Roboti inayojulikana zaidi ni Paro, yenye umbo la mtoto wa sili, mnyama wa baharini, mwenye manyoya meupe, iliyobuniwa Japani na Takanori Shibata. Hutumiwa hasa katika makao ya wazee wenye maradhi ya kusahau. Hugeuza kichwa akiguswa na hutulia akipapaswa, na bei yake ni maelfu ya dola. Jimbo la New York, kuanzia mwaka 2022, liligawa kwa mamia ya wazee kifaa cha mezani kiitwacho ElliQ, kinachoanzisha mazungumzo chenyewe na kumkumbusha mtu kunywa maji. Vifaa hivyo vimetengenezwa kwa ajili ya jamii ambamo wazee wengi hukaa katika makao au vyumbani, mbali na majirani. Ukitaka kazi yako iwafae wazee wa huku, tengeneza kitu kinachosikiliza Kinandi, Gikuyu, Dholuo au Lubukusu, kinachofanya kazi bila bando, na kinachomkumbusha mzee kwamba leo ni siku ya chama, kisha kimpigie jirani waende pamoja. Mashine inayompeleka mtu kwa mwenzake ninaitamani sana. Inayochukua nafasi ya mwenzake ingenihuzunisha, hata kama ingefanya kazi vizuri.

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 72, naishi Kisumu, na mke wangu alifariki. Simu janja ninayo. Wajukuu wakija, nikiuliza jambo wananichukulia simu mkononi, wanabonyeza upesi na kunirudishia, nami sijaona lolote. Natamani kuwapata walimu wenzangu tuliosoma nao chuoni, lakini naogopa matapeli. Nianzie wapi? — *Mwalimu, Kisumu*

Jibu: Mwalimu, shikamoo, na pole kwa kumpoteza mkeo. Anza kwa kuweka sheria moja nyumbani: simu haitoki mkononi mwako. Mjukuu akae kando yako, aelekeze kwa mdomo, nawe ubonyeze. Weka daftari, uandike kila hatua kwa maneno yako mwenyewe kama ulivyokuwa ukiandaa somo, kisha uirudie mara tatu mbele yake bila kutazama. Wajukuu huharakisha kwa sababu hawajawahi kufundisha. Wewe unajua jinsi somo linavyogawanywa, basi waongoze.

Kuwapata wenzako, usitegemee mtandao peke yake. Uliza katika tawi la chama cha walimu, katika mkutano wa mwaka wa sako yenu na kanisani. Mara nyingi atapatikana mtoto wa mwenzako mwenye namba ya baba yake. Redio nayo bado ina nguvu kuliko vijana wanavyodhani. Kizazi chako kilituma kadi za salamu Sauti ya Kenya kabla haijawa KBC mwaka 1989, na vituo vya Dholuo kama Ramogi FM vinasikilizwa na watu wa rika lako katika kila pembe ya Nyanza. Kipindi chenye salamu kinaweza kumfikia mtu ambaye hana WhatsApp kabisa. Mkishapatikana watatu au wanne, fungueni kundi na mchague saa moja ya wiki ya kuzungumza kwa pamoja. WhatsApp inaruhusu watu wengi zaidi ya hao kwenye simu moja, lakini wakizidi watano sauti hupandana na wenye masikio mazito huachwa nyuma. Msimamizi wa zamu aite jina kabla ya kumpa mtu nafasi, kama darasani.

Kuhusu matapeli, kuwa mkali bila kuomba radhi. PIN ya M-Pesa haiombwi na kampuni wala benki, na anayeiomba ni mwizi hata akilitaja jina lako kamili. Ukitumiwa tarakimu sita kwa ujumbe mfupi, usizisome kwa mtu yeyote, kwa sababu huenda ndizo zitakazompa akaunti yako ya WhatsApp; mwombe mjukuu akuelekeze kuweka uthibitisho wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada ya WhatsApp. Akipiga mtu kusema amekutumia pesa kimakosa, tazama salio lako mwenyewe kwanza, wala usiutegemee ujumbe alioutuma. Na ukisikia sauti ya mwanao ikilia kwamba yuko taabani na anataka pesa sasa hivi, kata, kisha umpigie kwa namba yake uliyonayo.

Wiki ya kwanza, jifunze ujumbe wa sauti peke yake, umtumie mwenzako mmoja, ungoje ajibu. Ukikwama, tuandikie tena ukitaja aina ya simu yako, nasi tutakujibu hatua kwa hatua katika toleo lijalo, kwa herufi kubwa.